Historia ya Mama Borbála, Kama Alivyoisahihisha Siku ya Pasaka

Mchungaji wetu Tünde, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani wa Nádasfő, pamoja nanyi mliosafiri kutoka Kolozsvár na ng'ambo ya mpaka, familia ya Péntek inawashukuru kwa kusimama nasi hapa uani mbele ya jeneza la mama yetu, na inawaomba mtuvumilie, kwa kuwa historia mtakayoisikia si ile ambayo wengi wenu mnajua kwamba ilikuwepo. Marehemu aliandika historia yake mwenyewe mwaka 2011, kurasa nne kwa mkono wake, kama wanavyofanya wanawake wengi wa kijiji hiki ambao huandaa na nguo za kuzikwa nazo wakazikunja sandukuni, na wapo hapa waliowahi kusomewa kurasa hizo jikoni kwake huku wakila biskuti zake za chumvi. Kurasa hizo hazitasomwa, alizikataza mwenyewe tarehe 31 Machi mwaka huu akiwa na akili timamu, na anayesoma mbele yenu ni Ibolya, mkwe wake, ambaye alichaguliwa na marehemu kwa sababu, kwa maneno yake, "Wewe hulii ovyo."

Ni kweli, halii. Tangu Alhamisi hakuna aliyelia katika nyumba hii, tumechemsha supu, tumepiga pasi, tumeazima viti kwa majirani, tumepokea mikono ya watu na kusema asante, na kila mmoja wetu amekuwa akifanya kazi yake kama mtu aliyeshikwa ganzi ya jino, anajua pameng'olewa kitu ila hajasikia maumivu. Msituhukumu kwa hilo.

Marehemu Kudor Borbála, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bori, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1942 hapa hapa Nádasfő, katika nyumba ya juu karibu na kisima, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Kudor Ferenc, mwezekaji paa, na marehemu Albert Kata, akabatizwa Jumapili iliyofuata, na kuanzia mwaka 1949 hadi 1956 alisoma madarasa saba ya shule ya kijiji, ambako alikuwa wa kwanza kwa mwandiko na wa mwisho kwa kuimba, jambo ambalo halikumzuia kuimba kwa sauti kubwa kanisani maisha yake yote, na walioketi naye benchi moja upande wa wanawake ni mashahidi. Alipokea kipaimara Jumapili ya Matawi, tarehe 14 Aprili 1957, na babu zake walisema hakuna mtoto aliyejibu maswali kwa haraka kama yeye.

Katika vuli ya mwaka 1961 alichumbiwa na Péntek Márton, fundi seremala wa kijiji hiki, lakini kabla ndoa haijafungwa Márton alichukuliwa jeshini, akapelekwa ng'ambo ya milima, na Borbála akabaki nyumbani kwa baba yake akiwa mjamzito. Hapa inabidi familia iseme jambo ambalo kwa desturi ya kanisa letu likishasemwa mara moja halirudiwi, ila marehemu ameagiza lirudiwe, na agizo la marehemu ni agizo. Jumapili ya tarehe 26 Agosti 1962, siku ya mkate mpya wa mavuno, alisimama peke yake juu ya lile jiwe bapa lililo mbele ya meza ya Bwana, akiwa na miaka kumi na tisa, kichwa chake kimefunikwa kitambaa cheusi cha kuazima, mchungaji wa wakati ule akamuuliza mara tatu, naye akajibu mara tatu kwamba anajuta, kisha kanisa likaulizwa kama linamsamehe, na kanisa likajibu kwamba linamsamehe, na mchungaji akatamka kwamba kuanzia saa hiyo asitokee mtu wa kumkumbusha, wala kisimani, wala shambani, wala kwenye ugomvi. Ikawa imekwisha. Kijiji hiki ni kijiji ambacho mtu hukumbushwa hadi bata aliyeibwa na babu yake, lakini kwa neno lile mlijizuia, wazazi wenu na ninyi wenyewe, na kwa zaidi ya miaka sitini na moja hakuna aliyewahi kumtupia Mama Bori neno. Familia inawashukuru sana kwa hilo, kwa maana aliyekataa kuamini kwamba imekwisha alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu tunayemzika.

Márton aliporudi kutoka jeshini, vuli ya mwaka 1963, alikwenda kwa mzee wa kanisa kabla hata hajabadilisha nguo, akasema kwamba na yeye anataka kusimama, kwa kuwa jiwe lina nafasi ya watu wawili, na mzee akamjibu, "Mwanangu, limekwisha hilo, nenda nyumbani ukale." Márton alikwenda akala. Wawili hao walifunga ndoa tarehe 16 Novemba 1963, bibi harusi bila taji la shanga ambalo huvaliwa na mabikira tu, kama ilivyompasa, na katika maisha yao ya ndoa ya miaka arobaini Márton alikuwa akisema kwamba tofauti kati yake na mkewe ni hiyo tu, yeye alipoambiwa limekwisha alikwenda akala.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa katika shirika la kilimo la kijiji kuanzia masika ya mwaka 1963, akawa mkamuaji wa ng'ombe hadi shirika lilipovunjwa mwaka 1990, na ng'ombe wake, kwa ushahidi wa wenzake, walikuwa wasafi kuliko baadhi ya watu waliokuja kuwakagua. Lakini kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo hakuajiriwa na mtu. Jumamosi ya tarehe 28 Machi 1964, siku moja kabla ya Pasaka, alichukua ndoo, brashi na sabuni ya kupika nyumbani, akaingia kanisani, akadeki sakafu nzima kwa magoti, kutoka mlango wa wanaume hadi mlango wa wanawake, na tangu siku hiyo akadeki kila Jumamosi, pamoja na kufua vitambaa vya meza ya Bwana, kuvidarizi, kuoka mkate wa meza na kung'arisha kikombe, kwa karibu miaka sitini. Hakuombwa na mtu, wala hakuruhusu mtu amsaidie, na wanawake waliojaribu, mmoja wao akiwa msomaji wa historia hii alipokuwa bibi harusi mpya mwaka 1988, waliiona sakafu yao ikidekiwa upya mbele ya macho yao, kimya kimya, kwa maji safi. Márton alikuwa akimwambia, "Bori, vumbi hilo Mungu halioni, unaliona wewe tu," na Mama Bori alikuwa akimjibu, "Ndiyo maana nalitoa, kabla hajaliona."

Ilikuwa hivyo hivyo kwa juma la toba. Ninyi nyote mnajua kwamba kabla ya kila meza ya Bwana tuna juma la ibada za jioni, na mnajua pia kwamba anayekosa jioni moja kwa sababu ya ng'ombe au mafua haulizwi na mtu, lakini marehemu alijiwekea sheria yake mwenyewe kwamba jioni zote zihudhuriwe, la sivyo mkate usiguswe, na kwa miaka yote hiyo alikosa jioni moja tu, Alhamisi ya tarehe 19 Desemba 1974, kwa sababu mwanawe Gábor, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa na homa ya mapafu na hakuweza kuachwa peke yake. Siku ya Krismasi wanawake wote waliinuka wakaizunguka meza, na Mama Bori akabaki kwenye benchi peke yake, mikono mapajani. Aliporudi nyumbani dada yake alimuuliza amekosa nini, akajibu, "Sababu ya Gábor," na akaendelea kukata viazi, na Gábor alikuwa amelala kwenye kitanda cha jikoni, macho yamefumbwa, masikio wazi. Mtu mzima anaweza kuisikia sentensi ya namna hiyo akajua ni homa inayosemwa. Mtoto alisikia kwamba yeye ndiye aliyemnyima mama yake mkate, na kwa kuwa shuleni alikuwa ameshafundishwa kuhesabu, alikuwa ameshahesabu pia kutoka Julai 1962 hadi Novemba 1963.

Tusimfanye marehemu kuwa mama mkali kuliko alivyokuwa. Alimlisha mwanawe, alimvisha, alimshonea koti la kwanza la mtaa mzima lenye zipu, alimtetea kwa mwalimu kwa maneno ambayo hayafai kusomwa hapa. Ila hakumpapasa kichwa, hakumwita kwa jina la utoto, na alipomtazama mara nyingi alikuwa akiinuka kwenda kutafuta kazi ya kufanya.

Marehemu aliishi na mumewe hadi tarehe 14 Januari 2004, Márton alipofariki ghafla akiwa kwenye karakana yake, na baada ya msiba huo alijiongezea kazi za kanisa badala ya kuzipunguza. Mwaka 2011, alipotimiza miaka sitini na tisa, ndipo alipoandika zile kurasa nne, na kwa kuwa wengine mmezisikia, familia haitaficha zilikuwa na nini, zilikuwa na Jumamosi zote, vitambaa vyote, mikate yote, majuma yote ya toba, kila kitu na mwaka wake, kwa ule mwandiko wake mzuri, kama mtu anayejiandaa kuulizwa mlangoni na hataki kushikwa bila jibu.

Tarehe 22 Januari mwaka huu wa 2024, Jumatatu asubuhi, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa anawasha jiko, upande wake wote wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Gari la wagonjwa lilipokuwa njiani Gábor alifungua mtoto wa meza kutafuta kitambulisho cha mama yake, akazikuta zile kurasa, na kwa kuwa gari lilichelewa kwa sababu ya theluji, akazisoma akiwa amesimama. Katika sehemu ya watoto palikuwa pameandikwa hivi, "Nilijaliwa mtoto mmoja, Katalin, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1966." Alizikunja akazirudisha mahali pake, akapata kitambulisho chini ya kitabu cha nyimbo, na usiku ule aliporudi kutoka hospitali, mkewe alipomuuliza hali ya mama ikoje, alisema, "Yupo. Mimi ndiye simo." Mkewe alimwambia labda mama alisahau, mtu akiandika sana husahau, na Gábor akasema, "Mama hasahau, Ibolya. Angekuwa anasahau tungeishi vizuri sana."

Baada ya siku kumi na tisa hospitalini, marehemu alirudishwa nyumbani tarehe 10 Februari, na aliyemuuguza mchana na usiku ni Gábor. Katalin alikuja kutoka Győr mara mbili, kadiri kazi ilivyomruhusu, na msomaji alipika na kufua, lakini kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha nguo, ni mwanawe, ambaye ni fundi seremala kama baba yake na ana mikono ya kunyanyulia milango. Mama Bori hakulipenda hilo hata kidogo. Alimwambia toka, alimwambia mwite Ibolya, alimwambia wewe mwanamume huna haya, na Gábor alijibu kila siku neno lile lile, "Inua mguu, Mama."

Juma la toba la Pasaka lilipofika, Jumatatu ya tarehe 25 Machi, marehemu alisema atakwenda kanisani. Alielezwa kwamba daktari amekataza, akasema daktari si wa kanisa letu. Gábor alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye ngazi, kutoka hapo akambeba mikononi hadi ndani, akamweka kwenye benchi lake la siku zote, nyuma tu ya lile jiwe, na ibada ikaanza. Kilichotokea wengi wenu mlikiona, na familia isingekitaja kama marehemu mwenyewe asingesema, "Na hilo lisemeni, wameliona wote, halafu mtu aje kulipamba." Katikati ya wimbo wa pili tumbo lake lilimshinda, akajichafua, na uchafu ukashuka kwenye sakafu ile aliyoideki tangu mwaka 1964, ukafika kwenye jiwe. Hakuna aliyegeuka. Mchungaji alisoma zaburi hadi mwisho, watu wakatoka kwa mlango wa wanaume, hata wanawake, jambo ambalo halijawahi kutokea Nádasfő, ili asipitwe na mtu. Gábor alimwogesha mama yake pale pale nyuma ya kinanda kwa maji ya ndoo yake mwenyewe, akamfunika koti lake, kisha akapiga magoti akadeki benchi, sakafu na jiwe, na Mama Bori akawa anamtazama. Alipokwisha kulazwa alisema, "Nimelichafua kanisa," na Gábor, ambaye alikuwa amechoka, akazima taa akamwambia, "Limeshaoshwa, Mama. Lala."

Hakuweza kwenda tena jioni zilizobaki. Jumamosi ya tarehe 30 Machi Mchungaji Tünde alikuja nyumbani na mkate na kikombe, kama inavyofanywa kwa wagonjwa wote, na marehemu aligeuzia uso ukutani. Alisema hatakula, hakuhudhuria juma la toba, amehudhuria siku moja, na siku hiyo moja wote waliiona. Mchungaji wetu ana miaka thelathini na mmoja, na marehemu alikuwa akimwita "mtoto" hata mbele ya askofu, lakini siku ile huyo mtoto hakuleta hubiri, aliketi kitandani penyewe, akasema, "Mama Bori, nikuulize kitu. Jumatatu alikuosha nani?"

"Gábor."

"Ulimsaidia?"

"Nitamsaidiaje na mkono umekufa?"

"Ulimwambia asante?"

Marehemu alikiri kwamba hapana, alimwambia atoke.

"Na bado akakuosha?"

"Huyo ni mpumbavu kama baba yake," alisema Mama Bori.

"Haya," alisema Mchungaji. "Mkate ndio huu. Mimi sina swali lingine."

Msomaji, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, anaweza kuwaambia kwamba aliogopa, kwa maana aliuona uso wa mama mkwe wake na hakuwahi kuuona hivyo, uso wa mtu aliyefika mlangoni na majibu yote halafu akakuta mlango uko wazi na hakuna wa kumuuliza. Marehemu alinyoosha mkono wa kushoto akachukua mkate, mkate ukamponyoka ukaanguka kwenye blanketi. Wakati wowote mwingine angesema ni ishara. Alimtazama mwanawe aliyekuwa mlangoni akasema, "Gábor, nilishe," na Gábor akauokota mkate kwenye blanketi akamlisha mama yake kwa vidole vyake, na Mchungaji akamnywesha. Hapakuwa na wimbo wala machozi, na mtu anayetaka kusikia kwamba chumba kilijaa nuru atabidi aulize katika nyumba nyingine. Baada ya kama robo saa aliuliza kama supu ipo, akala bakuli zima.

Kesho yake, Pasaka, Gábor alikwenda ibadani, na Mama Bori alimwambia msomaji azitoe zile kurasa nne na kuzisoma kwa sauti. Zilisomwa zote, naye akasikiliza akiwa ametazama dari, Jumamosi baada ya Jumamosi, kama vile ni mambo ya jirani asiyemjua sana, na ilipofikiwa sehemu ya watoto akasema, "Rudia." Ikarudiwa. Akauliza, "Gábor ameiona hii?" na msomaji, ambaye alikuwa ameolewa katika nyumba hii miaka thelathini na sita na hakuwahi kumjibu mama mkwe wake neno la kumuumiza, akamjibu kwamba aliiona Januari. Marehemu alifumba macho. Alisema, kwa ule ulimi mzito, taratibu, na maneno haya ameagiza yasomwe kama yalivyo, "Naona aibu. Si aibu ya mwaka sitini na mbili, ile nilisamehewa siku ile ile, nikakataa kuichukua. Naona aibu ya karatasi hii. Nimedeki jiwe lile miaka sitini, kila nikiinama namwona mtoto, na mtoto hakuwa amefanya neno."

Baada ya hapo aliagiza kurasa zitiwe jikoni kwenye moto, zikatiwa, na akaagiza historia yake isomwe hivi mlivyoisikia, bila kutaja vitambaa ni vingapi, na sehemu ya watoto akaitamka mwenyewe, ikaandikwa, akaitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Msomaji alimsihi amwambie Gábor mwenyewe, atakaporudi kutoka kanisani. Alikataa. Alisema, "Jambo langu lilisemwa mbele ya kanisa zima. Na lake lisemwe mbele ya kanisa zima. Usimwambie wewe." Huenda baadaye angebadili mawazo, hatujui, kwa kuwa usiku wa kuamkia Jumanne kiharusi cha pili kilimchukua ulimi, na kwa siku zilizobaki alichokifanya ni kumshika Gábor mkono wa shati kila alipopita karibu, kwa vidole vya kushoto, na kumshikilia hadi amalize alichokuwa akifanya. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, miezi mitano na siku nane, na ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Kolozsvár waliompokea wakati wa theluji, muuguzi wa kijiji aliyekuja hata siku zisizo zake, Mchungaji Tünde, wazee wa kanisa, wakamuaji wenzake wa zamani waliokuja kumchana nywele, majirani walioleta kuni, kabichi na maziwa bila kugonga mlango, vijana waliochimba kaburi, na wanawake waliodeki kanisa tangu Januari, ambao wamemwomba msomaji radhi kwa ajili ya kona ya nyuma ya kinanda wasiyoideki vizuri, na radhi imetolewa. Leo ni Jumamosi na sakafu haijadekiwa, kwa kuwa wanaodeki wote wapo hapa, na ibada ya kesho itaendelea.

Imebaki sehemu ya watoto. Msomaji amekaa nayo kifuani siku kumi na tatu, akila meza moja na mume wake, na anamwomba mume wake msamaha kwa hilo. Haya ndiyo maneno ya marehemu.

"Mtoto wangu wa pili ni Katalin, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1966. Mtoto wangu wa kwanza ni Péntek Gábor, aliyezaliwa Jumatano, tarehe 11 Julai 1962, saa kumi alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yangu, akiwa mzima, mwenye nywele nyingi, na walipomweka kifuani kwangu nilifurahi. Nilifurahi kabla sijakumbuka kuona aibu. Furaha ile ndiyo ilikuwa ya kweli, na sikumwambia."

Sasa umeambiwa, Gábor. Na wewe, Mama, pumzika kwa amani uliyopewa.